Kwa Nini Nisome Saikolojia? Maswali ya Wanafunzi na Wazazi wa Kigoma na Tabora

Nafundisha saikolojia ya elimu katika chuo cha ualimu mkoani Kigoma. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, maswali huja mfululizo: wanafunzi wa Kasulu na Kibondo, wazazi wa Ujiji, vijana wa Tabora mjini na Urambo wanaotaka kujua kama saikolojia ni kozi ya maana au ni ya kupotezea miaka. Hapa nimekusanya yanayorudi kila msimu. Msimamo wangu nautaja mapema: anayedumu katika saikolojia ni yule aliyekuja na swali lake mwenyewe, na yuko tayari kupokea jibu asilolipenda.

Shikamoo mwalimu. Saikolojia ni somo la nini hasa?

Marahaba. Ni elimu ya akili na tabia: namna tunavyojifunza, tunavyokumbuka na kusahau, tunavyoogopa, tunavyopenda, tunavyoamua, tunavyobadilika tukiwa wengi. Watu wamekuwa wakiyatafakari haya tangu zamani, lakini kinacholifanya kuwa somo la sayansi ni sharti moja: ukisema jambo kuhusu watu, onyesha ulivyolipima, ili mwingine naye apime aone. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, ndipo wengi wanapoanzia kuhesabu umri wa somo hili. Kwa hiyo ni somo changa, na mambo mengi bado yanabishaniwa.

Mbona sekondari sikuliona kwenye ratiba?

Kwa sababu halimo katika masomo ya kawaida ya mtihani wa kidato cha nne wala cha sita hapa kwetu. Uingereza, saikolojia ni miongoni mwa masomo yenye watahiniwa wengi kabisa katika ngazi inayolingana na kidato cha tano na sita. Huku kwetu wengi hukutana nalo chuoni, hasa vyuo vya ualimu, ambako saikolojia ya elimu hufundishwa pamoja na ushauri na unasihi. Ndiyo maana mwanafunzi wa tahasusi yoyote anaweza kuanza bila kuona kwamba wenzake wamemtangulia.

Kama hawajawahi kulisoma, kwa nini wanalichagua?

Hili nalijibu kwa kirefu, maana ndilo kiini cha ukurasa huu.

Kundi kubwa huja kwa ajili ya mtu wa nyumbani. Binti mmoja kutoka Kibirizi alinieleza kuhusu mdogo wake aliyeacha kuongea baada ya mtumbwi kupinduka. Nyumbani walisema mtoto ameingiliwa na pepo, shuleni wakasema ana kiburi. Yeye alikuwa akikaa naye jikoni anamwangalia: mtoto anafungua mdomo, shingo inakakamaa, sauti haitoki, halafu anainamisha uso na kuendelea kuchambua mchele. Ila akiwa peke yake na mbuzi nyuma ya nyumba, anaongea. Binti alitaka kujua kwa nini kwa mbuzi sauti inatoka na kwa watu haitoki. Hakuja kutafuta kazi nyepesi wala jina kubwa. Alikuja na jambo aliloliona kwa macho yake, na alikuwa ameshaanza kufanya kile ambacho mwanasaikolojia hufanya, yaani kulinganisha hali mbili na kuuliza nini kimebadilika kati yake.

Wengine huvutwa na shule zenyewe. Anayekulia karibu na soko amewaona watoto wanaouza dagaa na mawese, wanaokokotoa bei ya mafungu saba na chenji bila kalamu, na kesho yake darasani wanapata sifuri kwenye zoezi la kuzidisha. Mwalimu akisema mtoto huyo hana akili, amekosea, na anayetaka kujua amekosea wapi tayari ana sababu ya kusoma saikolojia.

Kisha wapo waliokua jirani na makambi ya wakimbizi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita, na Nduta iko Kibondo. Tabora nayo ina historia ndefu ya Warundi waliopokewa Ulyankulu kuanzia mwaka 1972. Vijana wa maeneo haya wamesoma na kucheza na wenzao waliobeba mambo mazito, na wameona kwamba watu wawili waliopita njia moja hawaumii sawasawa. Mmoja anarudi kucheka, mwingine halali usiku. Wanauliza kwa nini, na ni swali kubwa.

Wapo wanaotaka kujielewa wenyewe. Wapo wanaotaka kuwa wanasihi. Wapo waliosikia kwamba ni somo jepesi, na hao hushtuka mapema. Na wapo walioangukia huku kwa sababu alama hazikutosha kwenda walikotaka. Hawa wa mwisho siwakatishi tamaa hata kidogo. Nimewaona wakishika swali katikati ya mwaka wa kwanza na kuwapita walioanza na hamu kubwa.

Nikimaliza nitaweza kusoma mawazo ya watu?

Hapana, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Wanaodai kumtambua mwongo kwa kumtazama macho au mikono, utafiti unawakuta wakibahatisha zaidi ya wanavyodhani.

Nimepitia mambo magumu. Je, hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua kozi hii?

Ni sababu halali, mwanangu, na huna haja ya kuificha. Lakini darasa si tiba. Mhadhara juu ya msiba unaweza kukufungua kidonda mbele ya wenzako mia moja, na mhadhiri ataendelea na ukurasa unaofuata. Ukisoma kuhusu sonona au wasiwasi, utajiona katika kila dalili; wanafunzi karibu wote hupita hapo, wa udaktari pia.

Ushauri wangu ni kwamba msaada utafute pembeni ya masomo, na uutafute sasa. Anza na mwalimu wa unasihi shuleni, kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya mkoa, Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora. Mtoto anayeteswa, au anayejua mtoto anayeteswa, apige 116 bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na tatizo la afya ya akili, kwa hiyo usijione umetengwa peke yako.

Maumivu yaliyopata nafasi ya kushughulikiwa humfanya mtu awe msikilizaji mzuri. Yaliyofungiwa humfanya asikie habari zake mwenyewe kila mteja anapofungua mdomo. Huyo wa pili anaweza kumuumiza mgonjwa bila kukusudia, na ndiyo maana nalisisitiza hili kuliko mengine.

Nimesikia Gombe ina uhusiano na saikolojia. Sokwe wanahusikaje?

Wanahusika sana, na sisi wa Kigoma tuna bahati ambayo hatuitumii. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika Gombe, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, Julai 1960. Miezi michache baadaye alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu, akisubiri mchwa walishike, kisha akilichomoa na kuwala. Baadaye akaona wengine wakiondoa majani kwenye kijiti kabla ya kukitumia, yaani wanatengeneza chombo. Kabla ya hapo wanasayansi wengi waliamini kwamba kutengeneza zana ni jambo la binadamu peke yake.

Lakini habari ninayoipenda kufundishia ni ya sokwe jike Flo na mwanawe Flint. Flint alikuwa ameng'ang'ania kwa mama kupita umri wa kawaida. Alikuwa na miaka minane na bado analala naye kwenye kiota kimoja. Flo alipokufa mwaka 1972, Flint aliacha kula, akajitenga na wenzake, akadhoofika, na wiki chache baadaye naye akafa. Sasa mwanafunzi wa saikolojia aanze kazi. Je, ni huzuni? Ni ugonjwa uliomkuta amedhoofu? Tutatofautishaje? Tungehitaji kuona nini kwa sokwe wengine yatima? Dakika arobaini za darasa huisha hatujatoka kwenye maswali hayo.

Tena uhusiano wenyewe ni wa moja kwa moja. Robert Hinde, aliyemsimamia Goodall katika masomo yake Cambridge, ni mmoja wa waliomshawishi John Bowlby, daktari wa Uingereza aliyejenga nadharia ya mshikamano kati ya mtoto na mlezi. Nadharia hiyo leo inafundishwa kila chuo cha ualimu, pamoja na vyuo vyetu.

Na jambo moja zaidi ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walitekwa Gombe na waasi waliovuka ziwa. Baada ya hapo wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania, watu wa vijiji vya ufukweni, ndio waliobeba kazi ya kuwafuata sokwe toka alfajiri hadi wanapolala na kuandika kila walichofanya. Sehemu kubwa ya kumbukumbu zile ndefu imetoka mikononi mwao. Kijana wa Kigoma akiniambia utafiti wa tabia ni kazi ya watu wengine, namrudisha kwa hao.

Mzee wangu anasema hayo ni mambo ya Wazungu. Nimjibuje?

Mwambie kwa heshima kwamba ana hoja. Mwaka 2010 watafiti Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba saikolojia imejengwa mno juu ya watu wa nchi tajiri za Magharibi, wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu, kisha matokeo yakatangazwa kama ya binadamu wote. Hilo ni kosa la kisayansi, na dawa yake ni watu wa kwetu kuingia na kupima.

Halafu mpe mifano miwili. Mary Ainsworth, ambaye jina lake limo katika kila kitabu cha makuzi ya mtoto, alianza kuona mambo yake makubwa Uganda, mwaka 1954 na 1955, alipokuwa akizitembelea familia 26 za vijijini karibu na Kampala na kutazama watoto wachanga walivyowatumia mama zao kama mahali salama pa kuanzia kuchungulia dunia. Kwa maneno mengine, akina mama wa Afrika Mashariki wamo kwenye msingi wa nadharia hiyo.

Mfano wa pili ni Robert Serpell, aliyelinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979. Waliambiwa waige maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, watoto wa Zambia waliwaacha mbali. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Nani mwenye akili hapo? Jibu linategemea umempa mtoto nini mkononi. Watoto wetu hukunja magari ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele, na wengi wao huandikiwa "dhaifu" kwenye ripoti ya shule. Nikifika kwenye somo hili sauti hunipanda, na wanafunzi wangu wananijua.

Kuna hesabu?

Ipo. Takwimu. Wastani, mtawanyiko, uhusiano kati ya vitu viwili, na namna ya kujua kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au ni bahati tu. Programu ya kompyuta hukokotoa, wewe unatakiwa kuelewa inakwambia nini. Aliyesoma tahasusi isiyo na hesabu, kama HGL au HKL, anaweza kabisa, ila aje amejiandaa kisaikolojia na kwa daftari la mazoezi. Wanaoshindwa mara nyingi si kwa sababu hawana kichwa cha hesabu. Ni kwa sababu walikimbia vipindi vya takwimu tangu wiki ya kwanza wakidhani watavifidia mwishoni.

Mama anasema magonjwa ya akili ni ya kuombewa. Nikisoma hii nitakosana na familia?

Si lazima. Sala inampa mgonjwa na familia nguvu, na mimi mwenyewe ni mtu wa dini. Ninachokataa ni mambo mawili: mgonjwa kufungwa kamba au minyororo, na mgonjwa kuachishwa dawa. Kifafa kwa mfano ni ugonjwa wa ubongo, na wagonjwa wengi hutulia kwa vidonge vinavyomezwa kila siku bila kukosa. Aombewe, na dawa anywe.

Usirudi nyumbani likizo ya kwanza ukaanza kuwasahihisha wakubwa. Uliza mama ameona nini, lini ilianza, mgonjwa hulala vipi, anakula vipi. Utajifunza mengi kutoka kwake, naye ataona hukwenda chuo kudharau.

Mwanasaikolojia, daktari wa akili, mnasihi na afisa ustawi wa jamii wanatofautianaje?

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesoma udaktari kwanza, kisha akabobea, anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hutibu kwa mazungumzo na mbinu za kubadili tabia na fikra, na hupima uwezo wa akili, haandiki dawa. Mnasihi humsaidia mtu kuipanga shida yake na kuamua, iwe shuleni, kanisani, msikitini au kituo cha afya. Afisa ustawi wa jamii hushughulika na mazingira: mtoto asiye na mlezi, ndoa iliyovunjika, mgonjwa asiye na ndugu. Katika wilaya zetu mtu mmoja hujikuta anafanya kazi za watatu.

Nisome wapi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu katika saikolojia. Anayetaka kuwa mwanasaikolojia tiba huendelea na shahada ya uzamili, na Muhimbili wanaitoa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, ni njia nyingine nzuri kwa anayependa kazi za jamii. Kwa asiyeweza kuondoka nyumbani, Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, Kigoma na Tabora vikiwamo, na Tabora mjini kuna chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kinachoandaa walimu, ambao nao husoma saikolojia ya elimu.

Shahada kwa kawaida inataka ufaulu wa masomo mawili makuu kidato cha sita, au stashahada yenye wastani mzuri. Sifa za kila kozi hubadilika, kwa hiyo fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huohuo unaoomba. Usitumie picha ya mwongozo wa kaka yako iliyotumwa kwenye simu. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo nao usome mwenyewe, mstari kwa mstari, na vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe mapema. Hapo ndipo vijana wengi wa vijijini hukwama.

Mwanangu kapata daraja la pili, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Anataka saikolojia, mimi nataka udaktari. Tufanyeje?

Mzazi wangu, muulize swali moja kabla ya kuamua: ni nini anachotaka kukijua? Akikujibu kwamba anataka kuelewa ubongo unavyougua na unavyotibika, basi mnaweza kuwa mnazungumza kitu kimoja, kwa sababu udaktari ni mlango wa kuingilia ubingwa wa magonjwa ya akili, na madaktari hao ni wachache sana nchini. Akijibu kuhusu watoto, kujifunza, au watu wanavyoishi pamoja, mwache aende. Akikosa jibu kabisa, hapo mna kazi ya kukaa chini na kuongea, na saikolojia isiwe mahali pa kujificha ili kuikwepa kemia.

Ni kozi ya wasichana?

Hapana. Wanaume wanaoteseka kimya ni wengi, na baadhi yao wangependa kumkuta mwanaume mwenzao upande wa pili wa meza.

Ajira zipo?

Nasema ukweli: tangazo lenye neno "mwanasaikolojia" ni nadra, hasa mikoani. Wahitimu ninaowafahamu wanafanya kazi shuleni, kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi, kwenye miradi ya watoto na ya virusi vya ukimwi, kwenye ofisi za rasilimali watu, na wengine wamerudi kufundisha vyuoni. Waliopata kazi haraka walikuwa na kitu cha ziada: walijitolea mahali kabla ya kumaliza, au walijua takwimu vizuri, au walizungumza lugha ya watu wanaowahudumia. Kiha, Kirundi na Kiswahili cha Kongo ni mali katika kazi hizi. Mtoto aliyeona ndugu zake wakifa hawezi kueleza hayo kupitia mkalimani kama atakavyoeleza kwa lugha ya mama yake.

Anayetaka mshahara wa uhakika mapema na hana swali lolote linalomvuta huku, namshauri aombe kozi nyingine.

Niko nyumbani nasubiri udahili. Nianze na nini?

Fanya jaribio. Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yeye mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, akiwa hana maabara ya kisasa. Wewe chukua kurasa mbili za kitabu cha historia ambazo rafiki zako hawajazisoma. Tafuta watu kumi, uwagawe kwa kura. Watano wasome kurasa hizo mara mbili. Watano wengine wasome mara moja, kisha wafunike kitabu na kuandika kila wanachokumbuka. Baada ya wiki, waite wote, uwape karatasi tupu waandike walichobakiza.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walifanya jaribio la namna hii Marekani na kulichapisha mwaka 2006. Baada ya wiki moja waliojijaribu walikumbuka zaidi ya waliorudia kusoma, ingawa dakika tano baada ya kusoma hali ilikuwa kinyume. Matokeo yako yanaweza kutoka tofauti, maana watu kumi ni wachache. Andika kila kitu: nani alikuwa na malaria siku hiyo, nani aliwahi kusoma mada hiyo, wapi palikuwa na kelele. Daftari hilo uje nalo chuoni.